Jiwe Lililokataa Msumeno

Mimi na wifi yangu tuliacha kusemeshana kwa sababu ya jiwe. Najua unavyonifikiria. Watu wazima hununiana kwa ajili ya kiwanja, au maneno ya jikoni, au nani hakualikwa wapi. Sisi lilikuwa jiwe, tena jiwe lisilo na sura, la kijivu lenye madoadoa, ambalo ungelikuta barabarani ungelipiga teke ukaendelea na safari zako. Lakini jiwe hilo ndilo lingeamua kama chumba changu kinabaki au kinafungwa, na mimi chumba changu sikichezei.

Nianze na chumba chenyewe. Ofisi yetu ni ya kupima miamba, jengo refu lenye korido moja na harufu ya vumbi lililolowa. Mlango wa kushoto ni wa wifi, dada mkubwa wa mume wangu, mkemia wa mawe. Yeye huponda jiwe, akalisaga likawa unga, akailisha mashine, na mashine ikamtapikia namba: magnesi kiasi hiki, nikeli kiasi hiki, potasi kiasi hiki. Mlango wa kulia ni wangu. Mimi hukata jiwe kwa msumeno, nikagandisha kipande kwenye kioo, nikakisugua mpaka kikawa chembamba kiasi cha kupitisha mwanga, kisha nikakitazama kwa hadubini. Yeye ni yule anayeonja mchuzi akakwambia chumvi imezidi. Mimi ni yule anayefunua sufuria aone kuna nini. Chumbani kwangu kuna dirisha moja, na chini ya dirisha kuna kiti changu, kwenye mwanga mzuri kuliko wote katika jengo zima. Hapo hakai mtu mwingine. Hata mume wangu, enzi zile akija kunitongoza kwa kisingizio cha kutengeneza friji la ofisi, nilimkalisha upande wa ukuta.

Ndiyo, wifi ndiye aliyemleta. Friji liliharibika, akasema ana mdogo wake fundi. Mdogo wake akalitengeneza vibaya makusudi ili apate sababu ya kurudi, akarudi, akarudi tena, na siku friji lilipopona kabisa mahari ilikuwa tayari inazungumzwa. Kwa hiyo wifi hakuwa tu mtu wa mlango wa pili. Alikuwa mtu wangu.

Mkuu wetu wa ofisi tunamwita Bwana Fupisha, ila si mbele yake. Ukimpelekea ripoti, kabla hajaifungua anasema fupisha. Ukimwambia una mgonjwa nyumbani, anasema pole sana, halafu anatazama saa kwa namna ambayo unaelewa kwamba hata ugonjwa wenyewe ungefupishwa. Mashine mpya ya wifi ilipofika, alitukusanya akasema hadubini ni mambo ya kizamani. Mashine inatoa jibu kabla chai haijapoa, mimi kioo kimoja hunimalizia siku. Chumba changu kitakuwa cha betri za mashine, na mimi nitahamia stoo ya ramani, kupanguza vumbi.

"Mtaalamu wetu wa kemia mwenyewe ameniambia namba zake ni za uhakika," alisema, akimwonyesha wifi kwa kalamu.

Wifi akatazama meza. Hakukubali, hakukanusha. Nilihisi nimemeza mwiba.

Bwana Fupisha aliniachia kazi moja tu. "Kuna magogo ya kilima yanakuja. Mtayapima wote wawili. Hadubini yako ikituonyesha kitu ambacho mashine haikukiona, tutazungumza. La sivyo, uniletee funguo."

Magogo ni mawe ya mviringo, marefu kama miwa, yanayovutwa kutoka ardhini kwa bomba la kuchoronga. Kampuni moja inayotafuta almasi ilikuwa imechoronga kilima, ikatuletea masanduku ya magogo, na swali lake lilikuwa moja: hili ni jiwe gani? Almasi huzaliwa chini sana, mahali ambapo hakuna bomba litakalofika, na hupandishwa juu na miamba michache ya volkano inayopanda kwa haraka kutoka huko. Inayojulikana zaidi ni kimberlaiti. Halafu kuna binamu yake, lamproaiti, wanaofanana hadi wenye kazi yao huwachanganya. Wote wawili wanaweza kubeba almasi, na wote wawili wanaweza wasibebe hata chembe. Ila kimberlaiti hukaa ardhini kama karoti, nyembamba na ndefu, kwa hiyo unaifuata kwenda chini. Lamproaiti hukaa kama faneli, pana juu na finyu chini, kwa hiyo unatafuta juu juu na kwa upana. Ukikosea jina unachoronga mahali pasipo na kitu, kisha unafunga virago na kutangaza kwamba kilima ni kitupu.

Wifi akasaga. Mashine ikatapika: magnesi juu, nikeli juu, kromi juu, potasi ya kawaida. Kimberlaiti, akasema. Mimi nikakata, nikasugua, nikatazama. Niliona ulanga, madini yanayobanduka majani kwa majani ya rangi ya kahawia, umejaa kila upande, na hakuna hata dalili ya ile chokaa inayojaza nafasi kwenye kimberlaiti. Lamproaiti, nikasema.

Tulikutana koridoni, kila mmoja na karatasi yake.

"Wifi, hebu rudia vioo vyako," aliniambia.

"Rudia wewe namba zako."

"Namba hazina upendeleo."

"Na hazina macho. Hiyo mashine ungeilisha tofali ingekupa namba vilevile."

"Haya. Wewe mwenye macho, hesabu umemwachia nani?"

Hapo ningenyamaza mambo yangeishia kwenye kicheko, maana sisi ni mawifi, na kutaniana ndiyo kazi yetu ya pili. Lakini mwiba ulikuwa bado umekaa kooni. "Sema tu unakitaka chumba changu," nilimwambia, "tujue moja."

Uso ukambadilika. Aliingia chumbani kwake akafunga mlango taratibu, bila kelele yoyote, na kule kufunga taratibu kuliniuma kuliko kama angeubamiza.

Wifi alizoea kuja kwetu kila Jumamosi, akavua viatu mlangoni, akakosoa mapazia yangu, akala na watoto. Jumamosi ile alisimama getini. Watoto wakatumwa nje kumsalimia shangazi yao, wakarudi na mfuko wa machungwa na swali: kwa nini shangazi haingii? Nikawaambia ana haraka. Mkubwa akanitazama kwa jicho la kuniambia mama, mimi si mtoto mdogo.

Karakana ya mume wangu iko mbele ya nyumba, imejaa friji zilizovuliwa milango na kompresa zilizopangwa ukutani. Nilimkuta amekaa juu ya friji lililolazwa, anafuta mikono.

"Kwa hiyo," alisema, "dada yangu anasema karoti, mke wangu anasema faneli."

"Wewe usijitie kati."

"Mimi niko kati tangu siku ya harusi. Nauliza tu, jiwe lenyewe linasemaje?"

"Jiwe halisemi."

"Basi lina akili kuwashinda."

Nilimpa vidonge vyake, nikamwambia kama mawe ni rahisi hivyo aje ayapime yeye, na mimi nitakaa hapa nigonge friji kwa nyundo hadi liombe radhi. Akacheka. Mtu huyu ukimtukana hucheka, sijawahi kupata dawa yake. Kisha akaacha kucheka akasema, "Unajua, dada alilia. Pale getini. Aligeuza uso, lakini nilimwona."

Niliingia ndani nikamenya machungwa yake, na yalikuwa matamu, na hilo nalo likanikera.

Jumatatu niliamua kwenda chumbani kwake. Nisijifanye mwema: sikwenda kuomba msamaha. Nilikwenda kumkamata na kosa. Nilijua namba zile zimetoka mahali, na kama hazikutoka kwenye jiwe zimetoka kwenye namna alivyoliandaa. Nilibisha hodi kama mgeni. Akasema karibu kama kwa mgeni.

Mezani kulikuwa na sinia kubwa la bati lenye kokoto za gogo letu, zimepondwa tayari kusagwa. Niliinama, na sikuhitaji hadubini. Katikati ya kokoto za kijivu kulikuwa na punje za kijani kibichi, zinang'aa kama vipande vya chupa.

"Hizi nazo unasaga?"

"Nasaga gogo zima. Nikichaguachagua utasema napika matokeo."

"Wifi, hizi si za jiwe hili. Hizi ni olivini, madini ya kijani ya huko chini. Mwamba ukipanda unazing'oa ukutani njiani, unakuja nazo. Kila punje ina magnesi yake na nikeli yake."

Nikaona nimempata, nikaongeza, maana mimi sijui kuishia njiani. "Umempima mgeni na mizigo yake yote, halafu ukasema mgeni ni mnene."

Nilitegemea anirushie sinia. Badala yake alifungua droo, akatoa koleo mbili ndogo za kunyofolea, moja akanisukumia. "Basi chambua," alisema. "Si unayo macho?"

Tukakaa. Sinia katikati, taa ya meza juu yake, yeye huku, mimi kule. Ungepita mlangoni ungedhani ni wanawake wawili wanachambua mchele, ila hakuna aliyepiga soga. Tulinyofoa kijani, tukatia kwenye kikombe. Tukanyofoa vipande vyeupe vya mwamba mwingine wa juu, navyo tukatia kwenye kikombe chao. Mara moja tulifikia punje moja kwa pamoja na koleo zikagongana, na wote tukasema samahani kwa sauti ya chini, tukaudhika kwamba tumesema pamoja.

Chai ya saa nne ikapita bila mtu kuinuka. Sinia lilipokuwa limebaki safi, wifi aliligawa kwa ncha ya koleo. Upande mmoja akaweka kokoto ngumu, nyeusi kidogo, zenye kumetameta kwa ulanga. Upande wa pili zikawa kokoto laini, za kijivu kilichofifia, ambazo ukizibana kwa vidole zinamung'unyika.

"Hizi ngumu ndizo ulizoziandika kwenye karatasi yako," alisema. "Hizi laini mbona hukuzitaja?"

Nilichukua moja nikaibana, ikawa unga.

Kila mtu wa kazi yangu anajua sababu, na hakuna anayeisema kwa kuwa hakuna anayeifikiria. Jiwe laini halikubali msumeno. Ukiligusisha msumeno, maji ya kuupoza yanaliingia, linavimba, linageuka tope, tope linateremka kwenye karai, na wewe unachukua kipande kingine. Unachukua kigumu, kizuri, chenye kusimama, na kigumu hicho ndicho kinachofika kwenye kioo. Nusu ya kilima nilikuwa nimeimwaga kwenye karai la taka. Nilimcheka wifi kwa kusaga kila kitu bila kutazama, kumbe mimi nilitazama waliokubali kukaa tu.

"Yanavunjika," nilisema. Sauti ilitoka ndogo. "Huwa tunayatupa."

Sasa ndipo alipokuwa na kisu na mimi shingo iko wazi. Angetoka pale na sinia mkononi, akatembea hatua chache hadi kwa Bwana Fupisha, akasema tazama hadubini inavyofanya kazi, na chumba kingekuwa cha betri siku hiyohiyo. Nilimtazama nikingoja. Wifi alikuwa anageuza kokoto laini mkononi, amekunja uso, si kwa hasira bali kama anavyoutazama mtihani wa hesabu wa mwanangu.

"Utalikataje?" aliuliza.

"Ee?"

"Nauliza utalikataje ili lisivunjike. Unaniangalia nini, mimi si mtu wa misumeno."

Sijui kama umewahi kubeba kitu kizito muda mrefu mpaka ukasahau, halafu mtu akakipokea. Nilitaka kumkumbatia, lakini kwetu hatuanzi na makumbatio, tunaanza na kazi. Nikamweleza. Unalinywesha jiwe gundi kwanza, gundi ile ya majimaji inayokauka ikawa kama kioo. Lakini gundi haiingii wakati hewa imejaa kwenye vitundu vya jiwe, lazima uivute hewa itoke. Pampu ya kuvutia hewa tuliyokuwa nayo ilikufa zamani, na kila nikiomba nyingine Bwana Fupisha hunijibu kwamba ombi ni refu.

"Kwani friji linafanyaje kazi?" wifi aliuliza polepole.

Tukatazamana.

"Mume wangu," nilisema.

"Mdogo wangu," alisema, na tayari alikuwa anavaa viatu.

Mume wangu alipotuona tunaingia getini pamoja aliweka bisibisi chini. Wifi alimweleza kwa haraka, mimi nikimkatiza, yeye akinikatiza, na mwisho akainua mikono yote miwili. "Nimeelewa. Mnataka kompresa ivute badala ya kusukuma. Hiyo ni kazi ndogo. Mlivyokuja mmekunja sura nilidhani mmekuja kunigawana."

Aliichagua kompresa ukutani kama mtu anayechagua jogoo, akaunga mpira kwenye mdomo wake wa kuvutia. Wifi alikuwa amebeba kutoka ofisini mtungi wake wa kioo kizito anaohifadhia unga usipate unyevu. Tukaweka kokoto laini ndani kwenye kikombe cha gundi, tukafunika, tukapaka grisi ukingoni. Kompresa ikaanza kunguruma. Mwanzo hapakuwa na kitu. Kisha povu moja likatoka kwenye jiwe, likafuatwa na jingine, halafu mapovu yakawa mengi kama sufuria inayokaribia kuchemka, hewa iliyokaa humo tangu kilima kilipopoa ikitoka mbele ya macho yetu kwenye karakana ya friji. Watoto walijazana. Mkubwa akamuuliza shangazi yake kama jiwe linapumua. Shangazi akamwambia hapana, linabeua.

Usiku ule alikula kwetu. Alisema mapazia yangu bado ni yale yale. Nikamwambia na yeye bado ni yule yule.

Kesho yake gundi ilikuwa imekauka. Nilikata kwa mafuta ya taa badala ya maji, ili jiwe lisipate sababu ya kuvimba. Msumeno ukaingia, na jiwe lililokuwa linageuka tope likakatika safi. Nikalisugua kwa mkono, taratibu, nikinyanyua kioo kwenye dirisha kila mara kutazama kama mwanga umeanza kupita. Ulipoanza kupita nilikaa kwenye hadubini, wifi amesimama nyuma yangu, pumzi yake iko shingoni mwangu.

Sikutegemea nilichokiona. Olivini zilizoviringika kama mayai, kubwa na ndogo, nyingine zimekwisha kugeuka kuwa madini laini ya kijani kilichopauka, na katikati yake, kila mahali, ile chokaa niliyosema haipo. Hapakuwa na msitu wa ulanga. Hapakuwa na binamu hapa. Pembeni mwa kioo kulikuwa na kipande cha lile jiwe gumu langu, la ulanga, limemezwa ndani ya hili laini.

"Ni kimberlaiti," nilisema. Ilinichoma kulisema, na ilinifurahisha, vyote kwa pamoja, siwezi kuvitenganisha. "Wifi, ni kimberlaiti kabisa. Imepanda baadaye, ikatoboa katikati ya lamproaiti, ikang'oa vipande vyake. Kilima kina mawe mawili."

Nikageuka. Alikuwa anatazama hadubini kama mtu aliye nje ya duka.

"Kaa uone," nilimwambia, nikainuka.

"Hapo?"

"Kaa kabla sijabadili mawazo."

Alikaa kwenye kiti changu, akainamisha kichwa, nikamgeuzia kichujio cha mwanga kilicho chini ya hadubini, kile kinachowasha rangi. Ukifanya hivyo kijivu chote huondoka, na olivini huwaka zambarau, njano, buluu, kila moja kwa rangi yake, na ukizungusha meza ya hadubini zinabadilishana. Mimi nimeona mara nyingi hadi nimezoea. Yeye alikuwa hajawahi. Mlango kwa mlango miaka yote, akipita na ndoo zake za unga, hakuwahi kuomba na mimi sikuwahi kumwita.

Alitazama muda mrefu. Alipoinua kichwa macho yalikuwa yamelowa, na safari hii hakugeuza uso.

"Hivi ndivyo vitu nilivyokuwa navisaga?" aliuliza.

"Ndivyo."

"Miaka yote?"

"Wifi, na mimi nilikuwa namwaga."

Akacheka huku analia, akajifuta kwa ukosi wa koti lake jeupe, akarudi kwenye hadubini.

Alisaga upya, safari hii kokoto ngumu peke yake na laini peke yake, zikiwa zimechambuliwa. Namba zikaja zimetengana kama watu waliotoka nyumba mbili. Ngumu: potasi juu sana, nikeli imeshuka. Lamproaiti. Laini: potasi chini, magnesi juu, nikeli juu bila msaada wa abiria yeyote. Kimberlaiti. Zamani alizisaga pamoja na punje za kijani juu yake, na mashine, masikini, ilikuwa imejibu sawasawa swali ambalo hakuna aliyeliuliza.

Mkutano ulikuwa ofisini kwa Bwana Fupisha. Kampuni ilimtuma mtaalamu wake, mama mmoja wa makamo aliyekuja na buti zenye udongo na hakuomba radhi kwa ajili yake. Nilikuwa na funguo za chumba mfukoni, kwa sababu niliambiwa nije nazo. Nilizishika hadi zikapata joto.

"Jina," alisema Bwana Fupisha. "Jina moja."

"Ni mawili," alisema wifi.

"Fupisha."

"Haifupiki, mkuu. Nilijaribu mimi, nikafupisha mawe mawili yakawa moja, nikakuletea jina ambalo lingewapeleka watu wakachoronge kwa kubahatisha."

Bwana Fupisha alivua miwani. "Lakini uliniambia namba zako ni za uhakika."

"Ni za uhakika. Zilikuwa za uhakika na zilikuwa zinatudanganya wote. Nilikosa cha kujibu siku ile mbele ya watu, nikatazama meza. Leo najibu." Alivuta pumzi. "Ukikifunga chumba cha wifi yangu, funga na changu. Mimi bila yeye nasaga gizani."

Sijawahi kutetewa hivyo na mtu, hata na mama yangu mzazi. Kwa hiyo nikasema ukweli uliobaki: kwamba vioo vyangu navyo vilikuwa vimeona nusu tu, na aliyenionyesha nusu ya pili ni yeye.

Yule mama wa kampuni hakujali mambo yetu ya mawifi. Alikuwa ameshavuta mchoro wa kilima, anapitisha kidole. "Hili laini liko wapi kwenye magogo?" Tukamwonyesha: katikati ya kilima, mwishoni mwa magogo, pale wachorongaji walipokata tamaa wakaacha. "Walisema ni mwamba uliooza," alisema. "Waliacha kwa sababu lilikuwa linavunjikavunjika." Akacheka peke yake. "Basi tutaendelea hapo hapo, kwenda chini. Na yatakayotoka nitayaleta hapa, vyumba vyote viwili. Si vibaya, mkuu?"

Mteja akiuliza hivyo, Bwana Fupisha naye hufupisha. "Si vibaya," alisema.

Kama kuna almasi hatujui. Bomba bado linashuka, na masanduku mapya yameanza kufika, mengi yakiwa ya lile laini, tunalinywesha gundi kwa kompresa ya friji ambayo mume wangu anasema ni ya kuazima na ipo siku ataidai.

Wapagazi walikuja asubuhi moja na meza koridoni. Nilidhani betri zimefika. Kumbe ilikuwa meza ya wifi ya kuchambulia. Alikuwa nyuma yao na sinia lake, koleo mbili na kikombe cha chai, anawaelekeza waipitishe mlangoni kwangu bila kuuliza mwenye chumba. Alisema taa yake ya meza inamdanganya rangi, kokoto zinahitaji mwanga wa kweli. Nikamwambia meza ikae popote anapotaka, lakini upande wa dirisha asiguse, anajua.

Akaiweka dirishani, akakaa kwenye kiti changu, akajivutia sinia. Nikasimama pale na maneno yangu yote tayari mdomoni. Kisha nikavuta kiti cha upande wa ukuta, nikachukua koleo ya pili, nikaanza kuchambua.